Gboard, SMS na WhatsApp kwenye kutongozana kwa Kiswahili: kipi kinabeba maneno, kipi kinayamwaga

Tathmini nyingi za simu huangalia kamera, betri na kasi. Hii inaangalia kazi moja tu, ile inayofanyika usiku mtu akiwa amejifunika shuka mpaka kichwani: kutongozana kwa kuandikiana. Vifaa vinavyopimwa ni vitatu, na wenye simu za Android wengi wanavyo tayari: kibodi ya Gboard, ujumbe wa kawaida wa SMS, na WhatsApp. Tunataka kujua kama kifaa kinapitisha yale ambayo Kiswahili hutegemea pale mtu anapomchombeza mwenzake, au kinayamwaga njiani.

Kwa hiyo tunaanza na lugha, simu baadaye. Asiyejua alichotaka kifike hatajua kimepotelea wapi.

Mzigo wenyewe

Kiswahili huweka mapenzi ndani ya kitenzi. Chukua "Umenuna?" na "Umeninunia?" La kwanza linauliza hali ya mtu, hata jirani anaweza kuliuliza. La pili lina wewe, lina mimi, na lina ile -i- ya kutendea inayofanya mnuno uwe na mwenyewe. Anayeandika "umeninunia" ameshadai kuwa yeye ni mtu wa kununiwa, na anayenuniwa ni wa karibu. Neno moja limepiga hatua ambayo aya nzima ya sifa isingepiga. Dar kuna "umenikaushia" na "umenichunia" kwa kazi hiyohiyo, Nairobi utaona "mbona unanilenga?" (yaani mbona unanipuuza). Zote zina -ni-. Iondoe, na mchombezo umekwisha.

Kauli ya kutendea ndiyo tamu kuliko zote. "Nikupikie nini ukija?" inampa mtu nafasi jikoni kabla hajakubali kuja. "Nichekee kidogo basi" inaomba kicheko kiwe zawadi. Kauli ya kutendana nayo inafaa mwanzoni kabisa: "tuzoeane kwanza" haimtwishi mtu mmoja mzigo, maana -ana inaugawa kati ya wawili.

Nyakati zina uzito tofauti, na wengi huharibu hapa. "Nakupenda" likija siku ya tatu linaogopesha, kwa sababu linasemea leo na kesho na siku zote. "Nimekupenda" ni jepesi zaidi. Ni jambo lililotokea, kama mtu aliyeona kitambaa dukani akakipenda. "Nimetokea kukupenda", lililozoeleka sana Tanzania, linalainisha hata zaidi, maana kile "nimetokea" kinaonyesha jambo limemkuta msemaji bila kulipanga. Linamwachia msikilizaji nafasi ya kujibu bila kuvunja kitu. Na "ningependa kukufahamu" linabisha hodi, ilhali "nataka kukujua" limeshaingia ndani na viatu.

Kuna neno ambalo wasiolelewa ndani ya lugha hulipita bila kuliona: "mwenzio". Mtu anaposema "mwenzio sijalala", anajisemea mwenyewe, lakini amejiita kwa jina la uhusiano. Hakusema "mimi". Amejiweka upande wa yule anayeandikiwa, na ameomba huruma bila kuiomba. "Umelala? Mwenzio nimekosa usingizi." Ujumbe huu una herufi 35 pamoja na nafasi na alama, na ni vigumu kuuboresha. Unakataa jibu la "sawa". Haufai kwa mtu uliyemwandikia mara moja tu, kwa sababu "mwenzio" inataka kuwe na uenzi fulani tayari, hata wa siku nne za salamu.

Kisha kuna yale ambayo lugha haisemi. Kiswahili hakitengi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi. "Nilikuwa naongea na mtu" haisemi ni nani. Anayetaka kuchokoza wivu kidogo huiacha hivyo, anayetaka kujua huuliza "mtu gani?" na swali hilo lenyewe ni jibu, maana asiyejali haulizi. Anayependelea amani humalizia papo hapo: "naongea na dada yangu".

Irabu ndizo sauti ya maandishi. "Jamani" iliyoandikwa kawaida haina uso. "Jamaaani", iliyovutwa kwenye silabi ya kabla ya mwisho ambako mkazo wa Kiswahili hukaa, ni mshangao au lalamiko la kweli. "Jamaniii", iliyovutwa mwishoni, ni ya kudeka. Vivyo hivyo "haya" ni kukubali, "hayaaa" ni kukubali kwa tabasamu, na "haya." yenye nukta ni mlango unaofungwa polepole. "Sawa" peke yake saa nne usiku, kutoka kwa mtu aliyekuwa akiandika "sawaaa" tangu Jumatatu, ni habari mbaya. Irabu mbili mpaka nne za ziada zinatosha. Zikifika kumi zinasomeka kama kelele. "Mh" fupi ni shaka. "Mmmh" ndefu inaweza kuwa shaka au utamu, na hapo emoji ya nyani aliyeziba macho 🙈 inasaidia kweli, kwa sababu inasema "naona aibu" bila mtu kulazimika kuandika hivyo.

Ishara nzuri kuliko zote kutoka upande wa pili ni kukemewa kwa upole. "Wewe nawe!" "Ushaanza." "Hebu nitolee." Anayeandika "haya, ushaanza" amekiri kuwa anajua kinachoendelea na hajaondoka. Mgeni wa lugha huisoma kama karipio, akaomba radhi, akauzima moto uliokuwa umeshika.

Majina ya kuitana yanahitaji tahadhari zaidi. "Mpenzi", "dia" na "my" siku hizi havithibitishi chochote, hasa Tanzania: muuza magauni mtandaoni humwandikia kila mteja "karibu mpenzi", na wanawake huitana "my" wao kwa wao mchana kutwa. Usijenge matumaini juu ya maneno hayo. Angalia badala yake mwendo wa jina. Ukianza na "dada" au "kaka" kwa heshima, kisha mkahamia kwenye jina lenyewe, kisha jina likafupishwa au likabadilishwa, hiyo ni safari. Jina lililokuwa limefika mbali likirudi ghafla kwenye "kaka", tena "asante kaka", safari imeisha. "Mdogo wangu" inafunga mlango na komeo. "Shikamoo" ikija mtu ameshaanza kuchombeza, mchombezaji amepimwa umri akaonekana mkubwa mno.

Kiambishi ka- ni cha kutumia kwa vipimo. "Kasauti kako kamenibaki kichwani" inapendeza Nairobi na Arusha. Kwa msomaji wa Unguja au Lamu ka- inaweza kusikika kama ya bara au hata ya kudharau, kwa sababu udogo kwao hubebwa na ki-. Na kamwe usiiweke kwenye mwili au kazi ya mtu. "Kakazi kako" haina namna ya kuokolewa.

Kuhusu kuchanganya na Kiingereza: "nimekumiss" imeshakuwa Kiswahili cha kawaida cha simu, na sababu ya kudumu kwake ni ya maana. "Nimekukumbuka" inaweza kumaanisha nimekufikiria tu, na "nina hamu nawe" inafika mbali kuliko wengi wanavyotaka kufika Jumanne jioni. "Nimekumiss" imekaa katikati. Maneno ya kigeni hupunguza uzito. Ndiyo maana mtu huandika "love you" miezi sita bila hofu, na siku anayoandika "nakupenda" yenyewe, wote wawili wanajua kimebadilika kitu.

Gboard: kibodi nzuri ikishafugwa

Gboard ina Kiswahili, na kuanzia mwaka 2017 inakubali pia kuandika kwa kuongea kwa Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Lakini kwenye simu nyingi Kiswahili hakijawashwa, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Kamusi ya Kiingereza ikiwa peke yake, masahihisho ya moja kwa moja yanaweza kuigeuza "hata" kuwa "hate" na "nami" kuwa "name". Fikiria "hata mimi" inayofika ikiwa "hate mimi" kwa mtu uliyemwambia jana kuwa unamfikiria.

Kurekebisha ni dakika mbili. Fungua sehemu yoyote ya kuandikia, gusa alama ya gurudumu juu ya kibodi, ingia Lugha, kisha Ongeza kibodi, chagua Kiswahili. Rudi nyuma, ingia kwenye marekebisho ya maandishi, uzime masahihisho ya moja kwa moja lakini uache mstari wa mapendekezo. Kwa kuhamia Kiingereza na kurudi, bonyeza kitufe kirefu cha nafasi ukishikilie. Tunasisitiza kuzima masahihisho hata Kiswahili kikiwa kimewashwa, kwa sababu ya irabu: programu ya kusahihisha huiona "jamaniii" kama kosa, na ikiifupisha imekata kile ulichokuwa unakisema.

Kamusi ya binafsi ndani ya mipangilio inafaa sana. Ingiza neno unalotumia mara kwa mara na ufupisho wake, kwa mfano "nmk" kwa "nimekukumbuka", litatokea kwenye mstari wa mapendekezo. Ingiza pia jina la mtu jinsi anavyoliandika yeye. Kulikosea jina la mtu kwa herufi moja kila siku ni kosa ambalo hasemi, ila analihesabu.

Udhaifu mkubwa wa kibodi ni kumbukumbu yake. Gboard hujifunza unayoandika, kisha huyapendekeza. Uliyekuwa ukimwandikia fulani "usiku mwema" pamoja na jina lake kwa mwaka mzima, kibodi italileta jina hilo hilo mbele ya mtu mpya, na kidole kikiteleza limekwenda. Dawa ipo: neno lisilotakiwa likitokea juu, libonyeze kwa muda, livute mpaka kwenye pipa la taka. Ukitaka kufuta yote, ingia Faragha ndani ya mipangilio ya Gboard, chagua kufuta maneno yaliyojifunzwa, uandike namba inayoonyeshwa kuthibitisha. Fanya hivyo kabla ya kuanza ukurasa mpya, na pia kabla ya kumkabidhi mtu simu aandike kitu.

Kuandika kwa kuongea tunakupa onyo tu. Kunafaa ujumbe mrefu wa maelezo. Kwa mchombezo hakufai, kwa sababu mashine inaandika maneno na kuacha mvuto: "wewe naweee" yako itatoka "wewe nawe", na msomaji hatakusikia.

SMS: nyembamba, lakini haijafa

Ujumbe mmoja wa SMS unabeba herufi 160. Kiswahili kina bahati hapa. Alfabeti yake yote imo ndani ya seti ya msingi ya SMS, hivyo hutumia 160 kamili, na kwa kuwa kitenzi chake hubeba sentensi, 160 zinatosha sana. "Nisipokuona" ni herufi 11 tu, na ndani yake kuna mimi, kuna wewe, kuna sharti na kuna ukanusho.

Mtego upo kwenye alama. Ukiweka emoji moja tu, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wa usimbaji (namna simu inavyogeuza herufi kuwa namba) na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo baadhi ya programu huiweka zenyewe kwenye "ng’ara", inaleta balaa hilohilo. Ritifaa iliyonyooka (') haina tatizo. Ujumbe wa herufi 100 ulio mtupu ni SMS moja. Uongezee emoji ya ua, unakuwa mbili, maana kila kipande sasa kinabeba 67. Kwa anayelipa kwa kila ujumbe, ua lina bei.

Ufinyu huu, pamoja na vitufe vya simu za zamani, ndio uliojenga mtindo wa "xaxa", "cjui", "2po pa1" na "kwa7bu". Wengi huudharau kama uvivu wa vijana. Hesabu za vitufe zinasema vingine. Kwenye simu ya vitufe, S imekaa ya nne kwenye kitufe cha 7, yaani mibonyezo minne, na X ni ya pili kwenye kitufe cha 9, mibonyezo miwili. "Sasa" ni mibonyezo 10, "xaxa" ni 6. "Si" ni mibonyezo 7, "c" ni 3. "Pa1" na "7bu" zinachezea majina ya tarakimu za Kiswahili chenyewe, na huo ni ubunifu wa lugha tunaoustahi.

Lakini kwa kutongoza leo, kwenye simu ya mguso, mtindo huo umegeuka. X haikuokolei chochote tena, hivyo imebaki kuwa alama ya rika. "Nmekumic xana" inamwambia msomaji wa miaka 30 kuwa mwandishi yuko sekondari au anataka kuonekana hivyo. Vifupisho vya kubana irabu, kama "nmekukumbuka", vinapita. Kukata salamu ndiko kubaya: "mambo vp" ya kila asubuhi inaomba "poa" na "poa" haina pa kwenda. "Umeamkaje, lile jino limetulia?" inaonyesha jana ulisikiliza. "Umekula?" ni fupi vilevile, na bado ni miongoni mwa maswali ya mapenzi yenye nguvu katika lugha hii, mradi liulizwe saa ya kula.

Nguvu ya SMS iko pengine. Inafika kwenye kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, haihitaji bando, na kwa kawaida haitangazi kama imesomwa. Aliyeandikiwa anaweza kukaa nayo saa mbili akitafuta jibu bila kuhukumiwa. Ubaya wake: ikishaondoka huwezi kuifuta kwa mwenzako wala kuihariri. Soma jina la mpokeaji mara mbili.

WhatsApp: sauti imerudi, ukimya umeondoka

Sauti ndicho kitu kikubwa ambacho WhatsApp imekipa Kiswahili tangu ilipoiingiza mwaka 2013. Yote tuliyosema kuhusu irabu, "mmmh" na "wewe nawe", maandishi huyakadiria tu. Voisi, yaani ujumbe wa sauti, huyafikisha mazima. Shikilia kipaza sauti, telezesha juu kufunga ili kidole kipumzike, telezesha kushoto kughairi. Baada ya kufunga unaweza kusimamisha na kujisikiliza kabla ya kutuma, na ujisikilize kweli: feni, televisheni na sauti ya mtu mwingine chumbani husikika kuliko unavyodhani. Sekunde 10 hadi 25 zinatosha. Voisi ya dakika tatu inamlazimu mtu atafute faragha na muda, na wengi huisikiliza kwa kasi ya mara mbili, mchombezo wote ukageuka taarifa ya habari.

Usianze kwa voisi. Mtu asiyekuzoea akipokea sauti anahisi umeingia ndani bila hodi. Subiri mpaka yeye atume ya kwanza, au uombe: "Naona uvivu kuandika, nikutumie sauti?" Ombi hilo lenyewe lina utamu wake.

Ilichotunyima WhatsApp ni ukimya. Tiki za bluu, zinazoonyesha ujumbe umesomwa, zilikuja mwaka 2014, na tangu hapo kunyamaza kumekuwa kauli. Kiswahili cha mapenzi kilizoea kupumua kwa ukimya. Kuchelewa kujibu kulikuwa na heshima yake. Unaweza kuzima tiki kwenye mipangilio ya Faragha, lakini jua masharti: nawe hutaziona za wenzako, na hutajua nani ameangalia stetasi yako. Hata hivyo voisi haifichiki. Ukiisikiliza, alama ya kipaza sauti inageuka bluu kwa aliyeituma, hata kama tiki umezizima. Wengi wamekamatwa hapo wakisema hawajafungua simu. Neno "anaandika…" nalo halizimiki. Anayeandika na kufuta kwa dakika nne, kisha akatuma "sawa", ameonekana akihangaika. Rasimu ngumu iandikie kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu, ukiridhika uihamishe.

Kufuta na kuhariri watu huvichanganya. Ujumbe unaweza kuufuta kwa wote ndani ya siku mbili na saa chache, lakini unaacha kaburi lenye maandishi kuwa ujumbe umefutwa, na kaburi linaulizwa. Kwa kosa dogo, hariri: kuanzia mwaka 2023 una dakika 15, ubonyeze ujumbe kwa muda uchague kuhariri, na kitakachobaki ni alama ndogo tu ya kuonyesha umehaririwa. Kama jina la mtu mwingine limeponyoka na bado hajalisoma, hariri ni salama kuliko kufuta, ila kumbuka taarifa ya juu ya skrini yake huenda imeshamwonyesha la mwanzo.

Kufowadi ndiyo njia ya haraka ya kujiharibia. Kuanzia 2018 ujumbe uliofowadiwa una alama yake. Shairi la mapenzi likija na alama hiyo, msomaji anajua lilipita kwa wengine kabla yake. Kulinakili kunaondoa alama, lakini hakukuokoi: mtu aliyekuwa akiandika "nmefika hm" hawezi jioni hiyohiyo kuandika "ewe tabibu wa moyo wangu uliojeruhiwa" kwa tahajia kamilifu. Andika ubeti wako mmoja mbaya, utapokelewa vizuri zaidi.

Kujibu ujumbe maalumu, kwa kuutelezesha kulia, ni kitu kidogo ambacho tunakipenda mno. Kinakuwezesha kurudi kwenye neno alilosema juzi: unavuta lile "siku moja nitakupikia pilau" na chini yake unaandika "siku yenyewe ni lini?" Kumkumbusha mtu ahadi yake kwa maneno yake ni utongozaji wa hali ya juu. Kuitikia kwa emoji juu ya ujumbe, kinyume chake, kutumike mwisho wa maongezi tu. Moyo uliobandikwa juu ya swali ni kukwepa swali. Stika tunaziweka mwisho kabisa: zinachekesha mara mbili, baada ya hapo zinaongea badala yako.

Stetasi inadumu saa 24 na imerithi kazi ya kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, na kwa muda mrefu jina ndilo lililosema yasiyosemeka usoni. Mtu akiweka kwenye stetasi "mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika", anamlenga mmoja kati ya watu mia mbili, na mmoja huyo anatakiwa ajijue. Uzuri wa fumbo ni kwamba linakataliwa: "mbona nilikuwa nasema tu". Ubaya wake ni huohuo. Shangazi yako na bosi wako nao wanasoma, na kila mmoja anadhani amelengwa. Kama unamlenga mtu mmoja kweli, tumia chaguo la kushiriki na watu uliowachagua, umweke yeye na wengine wanne watano ili asijione peke yake. Kisha fungua orodha ya walioangalia. Akiwa anaangalia kila moja na hajibu hata moja, kuna hamu yenye woga, au kuna udadisi tu, na stetasi haiwezi kukuambia ni kipi. Uliza kwa maandishi.

Picha za kuonwa mara moja, zilizoingia 2021, tunaziweka pembeni kwa neno zito. Programu inazuia skrinshoti, lakini simu ya pili ikielekezwa kwenye skrini haizuiliki. Usitume picha ya mwili wako ukitegemea kipengele hiki. Na anayepokea ajue kwamba Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtia hatiani anayesambaza picha za faragha za mwingine.

Neno la hapana

Katika Kiswahili hapana haiandikwi "hapana" mara nyingi, kwa hiyo anayetongoza kwa simu lazima aisome. "Nitakutafuta" yenye wakati, kama "nitakutafuta jioni nikitoka kazini", ni mlango ulio wazi. "Nitakutafuta" tupu umefungwa. "Tutaongea", "usijali", "asante kaka", "nina mtu wangu", zote ni majibu kamili. Tarajia pia majibu yanayofupika: kutoka sentensi hadi neno, kutoka neno hadi emoji. Ukiandika ujumbe wa tatu bila kujibiwa hata mmoja, usiandike wa nne. Andika, kama ni lazima, "Sawa, nimekuelewa. Uwe na usiku mwema," kisha uache. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumsumbua au kumtia majonzi, na hakuna "nilikuwa nambembeleza" itakayobadilisha hilo.

Kwa upande wa anayesumbuliwa, vifaa hivi havikusaidii mpaka uviambie. Kumbloku mtu WhatsApp kunazuia ujumbe na simu zake za WhatsApp tu. Tiki yake itabaki moja ya kijivu, na ukibadilisha picha yako ya profaili hataiona mpya. SMS zake zitaendelea kuingia, na simu ya kawaida ataendelea kupiga. Namba ifungwe mara mbili: ndani ya WhatsApp kwa kugusa jina lake juu ya maongezi na kushuka mpaka chini, kisha ndani ya programu ya simu au ya ujumbe kwa kubonyeza namba yenyewe na kuchagua kuzuia. Kabla ya kufunga, piga skrinshoti ya vitisho kama vilikuwepo, tarehe na namba zikionekana, uzihifadhi nje ya simu hiyo.